Usizime masasisho, ndugu

Ndugu, umeuliza kama uzime masasisho ya Windows kwa kuwa kompyuta inakuwa nzito yakiingia. Nakusihi usizime. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja la usalama la Windows. Mei 12 mwaka huohuo WannaCry, programu hasidi, ikapita kwenye tundu hilohilo, ikafunga mafaili ya watu duniani kote na kuwadai fedha ili yafunguliwe. Kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla! Inauma kufikiria picha na kazi za watu zilizopotea hivyo.

Huo uzito una dawa. Fungua mipangilio, nenda Windows Update, uweke saa zako za kazi. Ndani ya saa hizo kompyuta haitajizima na kujiwasha upya yenyewe. Ukiwa na kazi ya haraka, ahirisha wiki moja, kisha iache usiku ikiwa kwenye chaja imalize. Kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025, kwa hiyo angalia kama mashine yako inakubali Windows 11.

Jambo jingine: programu ipakue kwenye tovuti ya walioitengeneza, na unapoiweka usibonyeze “endelea, endelea” kwa pupa. Juzi nilisafisha laptopu ya jirani yangu; kisanduku kimoja kidogo kilichokuja na tiki tayari kilimwingizia programu tatu asizozitaka, moja ikambadilishia hadi ukurasa wa kutafutia.