Maswali ya Wasomaji: Kuituliza Mashua Katikati ya Ziwa

SWALI: Nina mashua ndogo ya matanga mawili hapa Kirumba, Mwanza. Tukielekea Ukerewe, upepo hutuchafukia njiani. Je, naweza kuisimamisha bila nanga ili nipunguze tanga?

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza. Geuza omo (sehemu ya mbele ya mashua) ivuke upepo kama kawaida, lakini usiifungue kamba ya tanga la mbele, ili upepo ulijaze kinyume. Kisha legeza tanga kuu kiasi na ufunge kana, yaani mkono wa usukani, upande wa demani (kule upepo unakoelekea). Tanga la mbele litaisukuma omo itoke kwenye upepo, usukani nao utairudisha, na mashua, ikivutwa huku na huku, itatulia. Utashangaa: kamba huacha kupigapiga, na hata chai hunyweka.

Hata hivyo, neno “kusimama” lisikudanganye, kwani mashua huendelea kusukumwa polepole kuelekea demani. Ikiwa upande huo kuna majabali, ambayo Mwanza hayana uhaba, usithubutu. Mashua yenye mkuku (uti wa chini ya mashua) mrefu hutulia kwa urahisi zaidi. Ya mkuku mfupi itakusumbua, basi ijaribu kwanza siku ya upepo mwanana, ukilegeza na kukaza tanga kuu hadi ikubali.