Black Panther: iangalie kwanza bila DJ

Mtu akiniambia ameshaiona filamu ya Black Panther, swali langu ni moja tu: uliona ya DJ, yaani ile yenye mtu anayeitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti yake, au ya kawaida? Hapa Tanga wengi watakujibu ya DJ. Ndiyo inayozunguka kwenye flashi, ndiyo iliyokuwa ikiwekwa kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vya Ngamiani, na ndiyo bibi yangu anayoitaka. Sina ugomvi na madiji. Tangu enzi za Lufufu wa Dar es Salaam wametufungulia sinema ambazo tungebaki kutazama midomo ya watu ikicheza tu. Ila kwa filamu hii, ushauri wangu ni kwamba ya DJ iwe ya pili.

Sababu kubwa ni ngoma. Muziki wa filamu hii, iliyotoka 2018, ulitungwa na Ludwig Göransson, Mswidi, na kabla ya kuutunga alikwenda Senegal kwa mwimbaji Baaba Maal akasikiliza wapigaji wa huko. T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, akaja na tama, ile ngoma ndogo ya kwapani ambayo mpigaji akiibana sauti hupanda, akiilegeza hushuka, utadhani inasema. Hasimu wake Killmonger akapewa filimbi ya Wafulani, inayopulizwa kwa pumzi za mtu mwenye hasira, na chini yake midundo ya rap. Ukitega sikio unaanza kuwatambua kwa sauti zao. Kazi hiyo ilipata Oscar mwaka 2019, na kwangu mimi ilistahili kuliko hata mavazi, ambayo nayo yalishinda usiku uleule.

Sasa DJ anafanyaje kazi? Anashusha sauti ya filamu ili yake isikike. Tama inazama, filimbi inazama, unabaki na mtu anayekwambia "steringi huyo anakuja!" Ngoma ilikuwa inakuambia hivyohivyo, na kwa utamu zaidi.

Halafu kuna tukio la makumbusho London, ambalo mimi sitaki hata mtu atafune bisi pembeni yangu. Killmonger amesimama mbele ya kabati za vioo, anamwuliza mtaalamu wa pale habari za vifaa vya Afrika. Mama yule anajibu kwa madaha, kikombe cha kahawa mkononi. Ndipo jamaa anapomgeuzia kibao: wazee wako hivi walivipataje, walivilipia bei ya haki au walijichukulia tu? Ukiwa Mtanzania tukio hilo halihitaji mkalimani. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, ilichimbwa wakati wa Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, na mpaka leo imesimama Berlin watu wanakata tiketi kuitazama. Katika tafsiri niliyoiona, DJ alitumia nafasi hiyo kutania kahawa ya yule mama. Watu walicheka, na swali likapita bila kusikika.

Ukilikosa swali hilo unamkosa Killmonger mzima, na bila yeye filamu hii ingekuwa ya kawaida. Wakanda ina vibraniamu, madini ya kubuni yenye nguvu za ajabu, ina dawa, ina treni zisizogusa reli, na imejificha huku watu weusi wakiteseka kwingineko. Killmonger ndiye mtoto aliyeachwa Oakland, Marekani, baada ya baba yake kuuawa na ndugu wa baba huyo aliyekuwa mfalme, na sasa anarudi kudai. Njia yake ni ya damu, lakini madai yake yana mguu wa kusimamia. Barazani kwetu tuligawanyika vibaya sana juu ya hili, kuna mzee alikasirika akaacha kahawa yake ikapoa.

Si kwamba kila kitu ni dhahabu. Nchi yenye sayansi ile inachaguaje mfalme kwa kupigana kwenye maporomoko ya maji? Na pigano la mwisho, lile la kwenye njia ya treni ndani ya mgodi, linaonekana kama gemu ya watoto. Miili haina uzito kabisa. Hapo sasa mpe DJ kipaza sauti, atakuokoa. Vilevile Busan, Korea Kusini, pale Okoye, jenerali wa walinzi wa mfalme, anapomrushia mtu wigi usoni: usiiangalie hiyo peke yako. Nenda ukaitazame na watu, upate kelele zake.

Kama Kiingereza kinakusumbua, usikate tamaa. Wawakanda wenyewe mara nyingine huzungumza Kixhosa, kwa sababu mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini alikileta katika filamu iliyotangulia ya 2016, Captain America: Civil War, kwa hiyo sikio la Mbantu halitoki mikono mitupu. Kwa yaliyobaki, mtafute mpwa anayejua lugha akae na rimoti, asimamishe, aeleze kwa sentensi moja, aendelee. Ndivyo ninavyofanya na bibi. Sabufa usiifungue besi mpaka mwisho kama tunavyopenda huku, itameza tama. Afadhali spika za masikioni. Na watoto wadogo subiri kwanza, wanaume wanakabana na kuchomana mikuki bila haya.

La mwisho: majina yakianza kupanda, usizime. Kwenye vibanda hukatwa hapo kwa sababu mechi inasubiriwa, na ndiyo maana nimekutana na watu wanaoapa kwamba Wakanda haikujitokeza mbele ya mataifa. Inajitokeza. Katikati ya majina T'Challa anasimama kwenye Umoja wa Mataifa, na mwakilishi mmoja anamwuliza nchi ya wakulima ina nini cha kuupa ulimwengu. Tazama uso wa T'Challa baada ya swali hilo. Hajibu kitu.