Kazi yako imeibwa mtandaoni? Mwandikie mwenye seva, mwizi mwache

Simulizi uliyokuwa ukiiachia kwa sehemu kwenye Facebook inasomwa kwa sauti kwenye chaneli ya YouTube usiyoijua. Picha ya pilau uliyopika na kuipiga mwenyewe iko kwenye blogu ya mtu, chini yake pameandikwa "picha kwa hisani ya mtandao". Wengi hukimbilia kwenye maoni na kuanza kutukana. Wanablokiwa, posti hawaioni tena, na ushahidi umekwenda na maji.

Kwa hiyo kabla ya kusema neno lolote, kusanya ushahidi. Piga skrinshoti za ukurasa mzima, linki na tarehe zionekane. Kama ni blogu au tovuti ya kawaida, bandika linki yake pia kwenye web.archive.org ili nakala ihifadhiwe na mtu wa tatu. Kurasa za Facebook mara nyingi hazihifadhiki vizuri huko, hivyo tegemea skrinshoti. Upande wako, tafuta kinachoonyesha kwamba ulianza wewe: linki ya posti ya kwanza, rasimu zenye tarehe, faili la picha lilivyotoka kwenye kamera. Picha iliyopitia WhatsApp huwa imepoteza taarifa za kamera, kwa hiyo nakala hiyo haitakusaidia sana.

Silaha yenyewe ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, Digital Millennium Copyright Act, inayofahamika zaidi kama DMCA. Kifungu chake cha 512 kinaipa kinga kampuni inayohifadhi vitu vya watumiaji: haishtakiwi fidia kwa walichopandisha watu, ilimradi ikipewa notisi iliyokamilika, yaani barua rasmi ya kuitaka iondoe kazi iliyoibwa, inaondoa haraka. Ikipuuza, kinga iko hatarini. Ndiyo maana kampuni kubwa ambayo haijawahi kujibu barua yako ya malalamiko inaweza kushughulikia notisi ndani ya siku chache. Haijali machozi yako, inajali kinga yake.

Huhitaji kuwa raia wa Marekani, wala wakili, wala kulipa senti. Kenya, Tanzania na Marekani zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, unaolinda kazi tangu inapoandikwa au kupigwa, bila sharti la usajili. Cheti cha COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, ni ushahidi mzuri mkifikishana mahakamani, lakini notisi haikingojei. Kenya nayo iliingiza utaratibu wake wa notisi za kuondoa kwenye sheria ya hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019, na huo unafaa pale kampuni inayohifadhi tovuti iko huko huko.

Jiulize kwanza kama kilichochukuliwa ni mali yako kweli. Habari yenyewe haina mwenyewe, wala wazo la binti wa kijijini anayeolewa na tajiri wa mjini. Sentensi zako zina mwenyewe. Orodha ya viungo vya pilau ni ya kila mtu, ila maelezo uliyoyaandika na picha uliyoipiga ni yako. Kuonekana kwenye picha si kuimiliki: aliyebonyeza kamera ndiye wa kuulizwa kwanza. Anayesoma simulizi yako neno kwa neno na kuiwekea muziki hajatunga kitu kipya, hata akikutaja jina mwanzo na mwisho. Kutajwa si kuombwa ruhusa.

Sasa, notisi inapelekwa wapi? Hapa ndipo wengi hupotea. Facebook, Instagram, TikTok na YouTube wana fomu zao za hakimiliki. Zitumie, zinakwenda haraka kuliko barua pepe. Blogu ya Blogspot inashughulikiwa na Google. Blogu yenye anwani ya wordpress.com inashughulikiwa na kampuni ya Automattic, lakini tovuti yenye jina lake binafsi inaweza kuwa inatumia tu programu ya WordPress kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ya kampuni nyingine kabisa, na huko Automattic hawana mkono.

Kwa tovuti ya namna hiyo, lookup.icann.org itakuonyesha kampuni ambako jina la tovuti limesajiliwa, nayo si lazima iwe ndiyo inayohifadhi mafaili. Tafuta namba ya IP ya tovuti (amri ya nslookup kwenye kompyuta inatosha), kisha angalia namba hiyo ni ya kampuni gani. Likitokea jina la Cloudflare, jua hao wamesimama katikati tu, kati ya msomaji na seva. Jaza fomu yao ya malalamiko ya hakimiliki; wataipeleka kwa mwenye seva na kukuambia ni nani. Anwani ya mpokeaji wa notisi wa kampuni husika itafute kwenye orodha ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, dmca.copyright.gov.

Notisi yenyewe ina mambo sita, na likipungua moja wana sababu ya kukaa kimya. Taja kazi yako na mahali ilipo ya asili. Taja kilichoibwa na linki yake kamili. Weka jina, anwani, simu na barua pepe. Tamka kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa yako wala ya sheria. Tamka kwamba taarifa ni sahihi na, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba wewe ni mwenye haki au umetumwa naye. Weka sahihi, jina lako kamili lililochapwa mwishoni linakubalika. Andika kwa Kiingereza, na matamko hayo mawili yanakili kutoka ukurasa wa hakimiliki wa kampuni hiyo hiyo badala ya kuyatunga.

Kosa linaloua notisi nyingi ni linki. "Angalieni blogu yake yote imejaa kazi zangu" haifanyiwi kazi. Kila ukurasa linki yake, kila picha linki ya picha yenyewe. Kwenye Facebook, bonyeza tarehe ya posti ndipo upate linki yake. Linki ya wasifu wa mtu haitoshi. Kwenye video ndefu, taja dakika ambamo kazi yako inasikika.

Jina na barua pepe yako vinaweza kumfikia uliyemshtaki, na notisi nyingine, zikiwemo zinazopelekwa Google, huchapishwa kwenye Lumen, hifadhi ya mtandaoni ya notisi za aina hii. Fungua barua pepe ya kazi hiyo tu, na kwenye anwani tumia S.L.P. badala ya nyumba unayoishi.

YouTube wanakupa uchaguzi: video iondolewe mara moja, au mwenye chaneli apewe siku 7 aifute mwenyewe bila kupata straiki, yaani alama ya onyo kwa chaneli. Kwa chaneli changa iliyochukua simulizi moja, siku 7 ni ustaarabu. Kwa anayeishi kwa kazi za wenzake, usimpe hata moja. Straiki tatu ndani ya siku 90 na chaneli inaweza kufungwa. Telegram wanapokea notisi kupitia dmca@telegram.org, kwa chaneli za wazi tu, ukiwapa linki ya kila ujumbe wenye faili. PDF inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp haina dawa kwa njia hii, kwa sababu kampuni haiusomi ujumbe wenyewe.

Mshtakiwa anaweza kupeleka notisi ya kupinga. Hapo kampuni inarudisha kitu chake kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa umeitaarifu kwamba umefungua kesi. Kwa mtu aliyeko Tanga au Kisumu, kesi ya Marekani ni gharama isiyo na maana kwa picha moja. Ila kupinga kunamtaka naye aweke jina na anwani, na akubali mamlaka ya mahakama ya Marekani, jambo ambalo mwizi wa kawaida halipendi. Nawe usidanganye: kifungu hicho hicho cha 512 kinampa mshtakiwa haki ya kudai fidia kwa aliyepeleka notisi ya uongo akijua.

Kampuni ikikataa kabisa, omba Google iondoe linki hizo kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa utabaki pale ulipo, ila hautatokea mtu akiutafuta huko. Na kama ukurasa umeshafutwa lakini Google bado inaonyesha vipande vyake, hilo si suala la hakimiliki tena. Tumia zana yao ya kuondoa maudhui yaliyopitwa na wakati.