Jioni za Mombasa kwa mwanafunzi mgeni

Kama umekuja Mombasa kusoma ukitokea nje ya Kenya, nakusihi usirundike starehe zako zote Jumamosi. Wanafunzi wageni wengi hujifungia vyumbani wiki nzima wakingoja siku ya kutoka, na ikifika, nauli hawana. Mji huu hupumzika kila siku. Alasiri ikishapita na jua kupungua makali, watu hutoka kupunga upepo, na wewe toka nao.

Kituo changu ni Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, kule kwenye mibuyu. Mihogo hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa papo hapo, ukaipokea ingali moto.

"Nikutilie pilipili, mwanangu?"

"Tia, mama. Na ndimu usinibanie."

Ukishapata mihogo yako na dafu, keti uangalie meli zikiingia bandari ya Kilindini. Zinapita karibu mno, hata watu walio juu unawaona. Hapa mtu aliye peke yake haonekani mpweke, na kwa mgeni jambo hilo ni kubwa. Siku nilizolemewa na mitihani, saa moja pale ilinirudisha nikiwa na akili timamu.

Sasa bahari. Mimi nimekulia Mwanza, na ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hii, kwa hiyo mambo ya maji nimeyajifunzia hapa. Yajue mapema. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana ukiogelea vizuri leo saa kumi jioni, wiki ijayo saa hiyo hiyo utakuta mchanga na mawe. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapo ndipo raha ya kutembea mbali kwenye miamba, ukitazama kaa na samaki wadogo waliobaki vidimbwini. Vaa viatu, fuatana na mwenyeji, na muulize mvuvi yeyote, "Maji yanarudi saa ngapi, mzee wangu?" Akikwambia geuka, geuka. Kwa kuogelea, mimi huenda ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao watu huuita Pirates. Jumapili hujaa watu pomoni. Katikati ya wiki una nafasi.

Feri ya Likoni pia ni matembezi, tena anayevuka kwa miguu halipi. Epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kurudi kazini, na simu iweke ndani.

Mji wa Kale nenda bila haraka. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ingia ndani walau mara moja. Beba pasipoti au kitambulisho chako, maana viingilio hutofautiana kulingana na unakotoka. Siku nyingine kahawa tungu na kashata vinatosha. Ila vaa kwa heshima, na usimpige mtu picha hujamwomba. Zile ni nyumba za watu, na wazee walioketi barazani wako kwao. Wasalimie kwanza, mara nyingi mazungumzo huanzia hapo.

Mvua za Aprili na Mei zikikufungia ndani, pikeni pamoja. Sisi kila mmoja huleta cha kwao: mimi sato wa kukaanga, mwenzangu wa Burundi maharage na ndizi, wenyeji wali wa nazi. Kama hujui kupika, mahamri na mbaazi vinauzwa asubuhi karibu kila mtaa. Nunua vya kutosha, kisha gonga mlango wa jirani.