Jibu: Kwa nini wahamiaji hawaji kupima wakati wa mlipuko wa ugonjwa?

Ndugu, umeuliza kwa nini wahamiaji hawaji kupima ilhali huduma ni bure. Ni woga. Mtu asiye na karatasi za ukaazi akimwona mlangoni mlinzi mwenye sare na daftari la majina, anageuza. Hapo kliniki peke yake haifui dafu. Mshirikisheni imamu au mchungaji wanayemwamini, mwajiri asiyemkata mshahara aliyekwenda kupima, mwanasheria wa kuwaeleza taarifa zao zinafika wapi, na mkalimani. Mkalimani, si mtoto wao! Mtoto hapaswi kumtafsiria mama yake majibu ya ugonjwa. Serikali nayo inaweza kuondoa hofu: Machi 2020 Ureno iliwapa wahamiaji waliokuwa wakisubiri vibali haki ya kutibiwa kama wakazi. Ninyi anzeni na mkalimani, wiki hii hii.