Kabla Hujakata Tiketi: Maswali Yenu Kuhusu Filamu

Maswali ya wiki hii karibu yote yanazunguka jambo moja: filamu ikisifiwa kila kona, mtu afanyeje? Mimi si mhakiki wa kusomea. Naingia sinema mara mbili tatu kwa mwezi nikitoka kazini, na tiketi nalipa mwenyewe. Pokeeni majibu yangu hivyo.

Dada, kazini kila mtu aliona ile filamu ya mashujaa siku ya kwanza. Mimi bado, na najiona nimeachwa nyuma. Niende tu hata kama sina hamu? (Msomaji, Umoja)

Usiende bila hamu. Makampuni makubwa ya Marekani hutumia pesa nyingi mno kutangaza filamu, na pesa hizo hulenga zaidi wikendi moja, ile ya kwanza. Mabango, trela, mahojiano ya waigizaji, vyote vimepangwa ukate tiketi kabla jirani hajakwambia filamu ilivyo. Wiki ya pili ndiyo mimi huiamini, kwa sababu wanaokuja wakati huo wametumwa na walioiona. Titanic ilipotoka Desemba 1997 ilipata dola milioni 28 hivi katika wikendi yake ya kwanza Marekani, pesa za kawaida tu kwa filamu iliyogharimu dola milioni 200. Kisha ikakaa nambari moja wikendi 15 mfululizo, na mapato ya Marekani pekee yakafika dola milioni 600. Bango haliwezi kufanya kazi hiyo. Ni watu waliorudi nyumbani wakawashika wenzao mkono, wakawaambia twende.

Nikueleze lililonipata. Kuna filamu niliyoiendea usiku wa kwanza. Foleni ilikuwa ndefu, vijana wamevaa kama wahusika, na ukumbini tulipiga kelele kila uso maarufu ulipotokea. Nikiwa kwenye matatu nikirudi, mama akanipigia simu akaniuliza, "Ilihusu nini?" Nikakosa la kumwambia. Kesho yake kazini nikasema ilikuwa moto. Mwenzangu mmoja akaenda kwa neno langu, akabeba watoto watatu, akalipia wote. Sentensi ile naijutia hadi leo. Tangu hapo mtu akiniuliza, namwambia nilichoona na nilichohisi, hata kama mezani mimi peke yangu ndiye sikufurahi.

Lakini msinielewe vibaya, kuna siku kelele yenyewe ni sherehe. Black Panther ilipofika mwaka 2018, watu wa Nairobi walikwenda wamevaa vitenge na shanga, na Lupita Nyong'o wetu aliigiza ndani ya filamu yenyewe. Kama una hamu ya sherehe ya namna ile, nenda siku ya kwanza na usimwombe mtu radhi.

Nililala katikati ya filamu iliyoshinda Oscar. Je, mimi ndiye sina akili ya sinema? (Msomaji, Ruaka)

Akili unayo. Tuzo ya filamu bora hupigiwa kura na wanachama wa Akademia ya Marekani, watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji, waongozaji, wahariri, wapiga picha. Na kura yenyewe ina utaratibu wake. Mpiga kura haandiki jina moja tu, anazipanga filamu kwa kufuatana, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikiwa hakuna iliyozidi nusu, ya mwisho huondolewa na kura zake kwenda kwa iliyofuata kwenye karatasi hizo, hadi moja ipite nusu. Kwa hiyo filamu inayowekwa ya pili na wengi inaweza kuipita ile inayopendwa kufa na wachache. Mshindi anaweza kuwa chaguo la kuridhiana. Wewe hukuwa kwenye maridhiano hayo.

Mume wangu hatazami filamu bila DJ Afro, yule msimulizi anayezitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili na Sheng. Mimi naona ni kuharibu kazi ya watu. Nani yuko sawa? (Mama wa Kayole)

Mama, swali lako limenigusa, maana mimi sinema niliijulia kibandani. Shilingi kumi, benchi la mbao, televisheni moja imeinuliwa juu ili wa nyuma waone, filamu ya karate kutoka Hong Kong. Msimulizi akimpa adui jina la mtaani, ukumbi mzima unaitikia. Stelingi akipigwa, msimulizi anatutuliza kwamba ngojeni tu, huyu hafi leo. Kando yangu alikuwa akikaa mzee mmoja ambaye hakujua kusoma. Yale maandishi ya chini yalikuwa hayamfai kitu, Kiingereza kilikuwa hakimfai kitu, lakini alicheka pale pale sote tulipocheka. Nikisikia mtu akidharau usimulizi namkumbuka yeye.

Wala si jambo la Nairobi pekee. Tanzania walimsikiliza msimulizi wao, Lufufu. Wajapani, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimulizi waliosimama kando ya pazia wakiitwa benshi, na baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji. Ni ufundi wenye historia, na DJ Afro ameufikisha mbali: anajua lini aharakishe, lini alete methali, lini amwache adui ajisemee.

Nawe una haki upande wako. Kuna filamu ambazo nguvu yake ni ukimya. Mtu amekaa na barua mkononi, hasemi neno, na msimulizi hawezi kuvumilia sekunde tano bila kusema. Pale kitu kimepotea kweli. Tena aliyetengeneza filamu mara nyingi hapati senti katika nakala hizo, na hilo siwezi kulifumbia macho. Ningekuwa wewe ningemwambia baba watoto: chagua moja unayoipenda, tuitazame mara mbili, kwanza na DJ Afro, kisha yenyewe. Halafu bishaneni. Ubishi huo ni mtamu kuliko filamu nyingi nilizoona mwaka huu.

Kusema ukweli, filamu za Kenya hunichosha. Ni lazima niziunge mkono? (Msomaji, Rongai)

Si lazima, na tafadhali usimtazame mwigizaji kwa kumhurumia. Ila nakuuliza: ulizoziona ni zipi? Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inamfuata Mwas, kijana anayetoka kijijini kutafuta uigizaji na kuibiwa siku anayoshuka mjini. Joseph Wairimu aliyemwigiza alishinda tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini, kwa kazi ile, na Kenya ikaipeleka Oscar, filamu yetu ya kwanza kupelekwa. Kwenye barabara zile, Kiswahili kile, Sheng ile, sikuhitaji kuelezwa kitu. Halafu tafuta Supa Modo ya mwaka 2018, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu yake. Nilitoka pale macho mekundu, na mlinzi mlangoni akaniuliza kama niko sawa.

Mwaka huo huo filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7, na kumbi zikajaa. Wengine walivutwa na marufuku yenyewe, sawa. Lakini siku 7 zilionyesha kwamba watu wa Nairobi huja wakijua kuna filamu na iko wapi. Kinachoniuma ni hicho: filamu ya nje ina mabango mjini miezi miwili mapema, yetu unaisikia wiki imeondolewa. Ukipenda moja, itangaze wewe.

Kwa nini watu hawatoki majina yakianza kupita? (Msomaji, South B)

Tangu Iron Man ya mwaka 2008, Marvel mara nyingi huficha kipande baada ya majina, kudokeza filamu ijayo. Mimi hukaa kusoma majina. Ni mafundi wa taa, washonaji, madereva, watu ambao mabango hayawataji.

Nitajuaje kama inawafaa watoto? (Baba wa wawili, Kasarani)

Angalia alama ya bodi ya filamu, KFCB, siyo rangi za bango. GE ni ya familia yote, PG unahitajika kuwa kando yao, 16 na 18 zinajieleza.

Filamu ya saa tatu ikianza saa tatu usiku, nitafikaje nyumbani? (Msomaji, Githurai)

Oppenheimer ya mwaka 2023 ilidumu saa tatu kamili, bado hujahesabu matangazo ya mwanzo. Utatoka saa sita imepita, nauli imepanda, na dakika ishirini za mwisho utakuwa unatazama simu badala ya pazia. Nenda Jumapili saa nane mchana. Ukumbi una nafasi, bisi bado za moto, na ukitoka jua lingalipo.