Nilifundisha miaka yote, lakini wakfu wanidai ufadhili

SWALI: Mhariri, wakfu mmoja ulinilipia karo ya shahada ya ualimu, nami nikatia saini mkataba wa kufundisha hisabati kwa miaka 4 katika shule za mitaa ya mabanda. Miaka hiyo yote niliifundisha Mukuru. Mwaka wa tatu nilichelewa kuwasilisha fomu ya kila mwaka yenye muhuri wa mwalimu mkuu, na sasa wakfu unasema ufadhili wote umegeuka mkopo wenye riba, tena unatishia kumwandikia mwajiri wangu anikate mshahara. Je, sina budi kulipa?
Mwalimu, Umoja, Nairobi

JIBU: Mwalimu, usitie saini ratiba yoyote ya malipo kabla ya kuusoma mkataba upya, kwa kuwa anayekiri deni kwa maandishi huanzisha upya muda wa miaka 6 ambao sheria yetu humpa mdai wa mkataba kwenda mahakamani.

Barua ya wakfu imechanganya mambo mawili: wajibu wa kufundisha na wajibu wa kuthibitisha kwamba umefundisha. Ikiwa kifungu cha marejesho kinamhusu asiyefundisha, wewe hakikugusi. Ikiwa kinaitaja fomu waziwazi, kazi yako ni ngumu zaidi, ila bado una la kusema, kwani mahakama za Kenya hufuata kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza kwamba kifungu kinachomtoza mtu kiasi kilichopita mno hasara ya mwenzake ni adhabu, na hakitekelezwi. Waulize basi, kwa maandishi, walipata hasara gani ilhali watoto walifundishwa.

Jambo hili si geni. Nchini Marekani, mpango wa serikali uitwao TEACH, unaodai miaka 4 ya kufundisha ndani ya 8, uligeuza ruzuku za walimu wengi kuwa mikopo kwa sababu ya fomu kama yako, hata serikali ikawafungulia mlango wa kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Mfano huo haumfungi mtu Nairobi, lakini wakfu wenye haya utausikiliza.

Kwenye barua hiyo kwa wakfu, ambatisha fomu zako za P9 za kila mwaka (zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa), taarifa ya michango ya NSSF, yaani hazina ya hifadhi ya jamii, ratiba za vipindi na barua ya mwalimu mkuu inayotaja tarehe. P9 ina uzito wa pekee, maana haikuandaliwa kwa ajili ya mzozo huu.

Kuhusu mshahara, tisho hilo ni la kukutia hofu tu. Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukukata kwa barua ya mtu wa nje, bila ombi lako la maandishi au amri ya mahakama. Wakikushtaki kwa deni lisilozidi shilingi 1,000,000, kesi inaweza kusikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujitetea bila wakili.

Na kama mzazi au jamaa alikudhamini, mweleze haya leo, asije akapigiwa simu akalipa kwa woga.